Mgonjwa na Simu Yake: Tunajificha kwa Nani?

Hotuba kwa mkutano wa walimu wastaafu, Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu tuliokwisha kuiweka chaki chini, mama zangu, kaka zangu, na ninyi wajukuu mliowasindikiza wazee wenu asubuhi hii: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote waliobaki, habari za asubuhi.

Katibu wetu aliponipigia simu alinipa mambo mawili nichague moja. La kwanza, nieleze namna ya kujitunza baada ya upasuaji, kwa kuwa wengi wetu tumefikia umri wa kulazwa na kupasuliwa. La pili, nieleze namna ya kutumia intaneti bila kuchunguliwa, kwa kuwa miaka 14 ya mwisho ya utumishi wangu nilifundisha somo la kompyuta. Nimemwomba aniruhusu nisichague, maana mimi mambo hayo mawili yalinipata kwa pamoja, katika kitanda kimoja, na hadi leo nikisimulia moja bila la pili naona nimesimulia nusu.

Nilikuwa na ngiri. Nalitamka neno hili kwa sauti, tena mbele ya kinamama, kwa sababu kwa miaka 3 nilishindwa kulitamka hata mbele ya daktari. Hapa pwani wazee wetu huuita mshipa, na neno hilo hilo moja hubebeshwa ngiri, busha, maumivu ya kiuno na hata upungufu wa nguvu za kiume, kiasi kwamba mtu akisema ana mshipa, watu barazani huanza kutazamana na kucheka kabla hajamaliza sentensi. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani. Ngiri ya kinena ni jambo jingine: ukuta wa misuli ya tumbo unapata upenyo, na sehemu ya utumbo au mafuta ya ndani inasukumwa nje kupitia hapo, ukatokea uvimbe unaochomoza mtu anapokohoa au kunyanyua kitu na kurudi ndani anapolala chali. Kwa mtu mzima upenyo huo haujifungi wenyewe, wala hakuna mzizi, kidonge au mafuta ya kupaka yanayoweza kuushona. Hayo ninayajua leo. Wakati ule nilijua kidogo tu, na niliogopa kujua zaidi kutoka kwa mtu mwenye uso. Nikaiuliza simu.

Siku moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja nyumbani na kazi ya shule kuhusu hifadhi za taifa, akaniomba simu atafute habari za Ngorongoro. Alikaa mkekani karibu na miguu yangu, akaandika herufi mbili tu, n na g, na mimi niliyekuwa nikichungulia kwa juu nikaona kioo kinajaa, chini ya vidole vyake, yale niliyoyaandika usiku uliopita na usiku wa kabla ya huo: ngiri na tendo la ndoa, ngiri dawa bila kupasuliwa, ngiri inaua. Ngorongoro haikuwemo. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mtandao wako leo uko taratibu," akanirudishia simu na kwenda kuazima ya mama yake. Nimefundisha watoto miaka 31, na sikumbuki adabu iliyonigusa kama ile.

Usiku huo huo, mimi mwalimu wa kompyuta, nilianza kutumia dirisha la faragha, lile ambalo katika kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha Chrome cha Kiswahili huitwa Hali Fiche. Si kitu kipya. Kivinjari cha Safari kilikuwa nacho tangu mwaka 2005, na Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja nacho. Kazi yake ni ndogo kuliko jina lake. Ukifungua dirisha hilo, kivinjari hakiweki kumbukumbu ya kurasa ulizotembelea, na ukiyafunga madirisha yote ya aina hiyo, kinatupa vidakuzi, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya simu ili zikutambue utakaporudi, pamoja na yale uliyoyajaza kwenye fomu. Nasisitiza neno kufunga, kwa sababu nimekutana na watu ambao madirisha yao ya faragha yamekaa wazi tangu Ramadhani iliyopita, na kila anayeishika simu anaweza kuyafungua na kusoma. Faili uliyoipakua haifutiki; inabaki kwenye simu pamoja na jina lake lote. Nilipakua maelezo ya ngiri yenye picha, nikafunga dirisha nikijiona mjanja, na wiki moja baadaye mke wangu akiitafuta risiti ya umeme akayakuta maelezo hayo.

Kwa sisi walimu, mfano ulio karibu ni ubao. Dirisha la faragha ni mwalimu anayefuta ubao kabla ya kutoka darasani. Darasa la kipindi kinachofuata haliwezi kujua kilichoandikwa, na hiyo ni faida ya kweli katika nyumba ambayo simu moja inashikwa na watu watano. Lakini wanafunzi waliokuwa ndani wakati unaandika wamekwisha kunakili.

Wanafunzi hao ni akina nani? Wa kwanza ni tovuti yenyewe uliyoitembelea, ambayo inaiona anwani ya mtandao wako na aina ya simu unayotumia. Wa pili ni kampuni za matangazo zilizopewa nafasi ndani ya tovuti hiyo. Wa tatu ni kampuni inayokuuzia bando, au mwenye Wi-Fi unayoitumia, awe shule, ofisi au mgahawa. Hawa wa tatu, ikiwa anwani ya tovuti inaanza na https, kwa kawaida wanaweza kujua umebisha hodi nyumba ipi, ila hawasikii mliyozungumza ndani. Hata hivyo kuna nyumba ambazo kubisha hodi tu kunatosha kusema kila kitu: tovuti inayohusu ugonjwa mmoja peke yake haihitaji kusomwa ndani ndipo mtu akajua unaumwa nini. Na hapa kwetu laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, mwaka 2020 zikaanza kuzimwa zisizosajiliwa, hivyo kwa kampuni ya simu laini yako inajulikana kwa jina lako kamili. Halafu yuko mwanafunzi wa nne, ambaye tunamleta darasani wenyewe. Ukiwa ndani ya dirisha la faragha kisha ukaingia kwenye akaunti yako ya barua pepe au ya Facebook, umevua baibui mlangoni; unayoyafanya hapo yanaweza kuandikwa kwa jina lako.

Jambo hili liliwachanganya hata wenzetu walioanza kutumia intaneti kabla yetu. Mwezi Juni 2020 watumiaji nchini Marekani waliishtaki Google katika mahakama ya shirikisho huko California, wakidai kwamba kampuni iliendelea kukusanya taarifa zao wakiwa ndani ya Hali Fiche. Mwishoni mwa mwaka 2023 pande mbili zilikubaliana, na katika masharti yaliyowekwa wazi mwaka 2024 Google ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa na kuyaweka wazi zaidi maelezo ambayo mtumiaji huyaona anapofungua dirisha hilo. Maelezo hayo yapo hapo, kwenye kioo, kila siku. Sisi tunayaruka, kama wanafunzi wetu walivyokuwa wakiruka maelekezo ya juu ya karatasi ya mtihani.

Hayo yote niliyajua kwa kuyafundisha. Nilichofanya nikiwa ninayajua ndicho kinachonipa haya zaidi. Matangazo ya dawa ya ngiri bila kisu yalianza kunifuata. Nikifungua habari za mpira, yapo, nikifungua ratiba ya mabasi ya Dar es Salaam, yapo. Moja lilikuwa na namba ya WhatsApp. Nikaandika. Nilimpa mtu nisiyemjua jina langu, umri, mtaa ninaoishi na muda niliougua, na aliponiomba picha ili, kwa maneno yake, aone ukubwa wa tatizo, nikaingia bafuni nikafunga mlango nikaipiga picha ile ngiri nikamtumia. Mke wangu, ambaye tumelala kitanda kimoja miaka 29, alikuwa hajawahi kuiona. Nilikuwa nikivaa na kuvua gizani. Zililetwa chupa mbili zenye maji ya kahawia yenye uchungu wa shubiri. Nilizinywa zote. Ngiri ikabaki pale pale, na picha ile hadi leo sijui iko kwenye simu ya nani.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jambo lililonileta mbele yenu. Kuficha ugonjwa si kosa. Mgonjwa ana haki ya kuamua nani ajue na nani asijue, na mila zetu zinalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana mtu mzima humwuliza mgonjwa "unaendeleaje?" na haulizi "unaumwa nini?" Kosa letu liko kwenye upande tunaouelekea tunapojificha. Tunawafunga mlango wale wanaotakiwa kutuona, mke, mume, muuguzi, daktari, na tunajianika kama dagaa mbele ya watu tusiowajua hata sauti, kwa sababu tu hawapo chumbani kututazama usoni.

Siri yangu ilikwisha jioni moja niliponyanyua ndoo ya maji. Uvimbe ulitoka, ukawa mgumu, ukagoma kurudi. Hiyo ni hatari ambayo kila mwenye ngiri anapaswa kuijua kwa moyo: uvimbe usiorudi, wenye maumivu makali, pengine na kutapika, maana yake utumbo umebanwa na damu inaweza kuwa haifiki, na hapo mtu anakwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mimi nilibahatika. Nilipolala uvimbe ulirudi baada ya kama saa moja, lakini nilikuwa nimekwisha kupiga kelele, na mke wangu alikuwa amekwisha kuwasha taa. Hakuuliza maneno mengi. Alisema tu, "Kumbe ndiyo hili," akaenda kutafuta bajaji.

Daktari alinieleza kwamba upenyo ungezibwa kwa wavu, na neno wavu lilinitia hofu. Hapo niseme kwa haki kwamba intaneti ilinisaidia. Nilisoma habari za utafiti uliofanyika Kamuli, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine: wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walishonewa, baadhi kwa wavu wa hospitali wa bei kubwa, wengine kwa wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa vizuri, na baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu kati ya wote. Chandarua, ndugu zangu, kile kile cha mbu. Niliposoma hivyo hofu ilishuka, si kwa sababu ningewekewa cha mbu, bali kwa sababu nilielewa kuwa wavu ni kiraka, na kiraka kila mmoja wetu amewahi kukishona kwenye suruali ya mtoto.

Siku ya upasuaji nilichomwa ganzi ya mgongo, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Kabla ya hapo walikuwa wameniuliza jina langu, na wakaniuliza tena, na mara ya tatu ndani ya chumba cha upasuaji kwa sauti ambayo nilihisi inafika hadi wodini: jina lako nani, unafanyiwa nini, upande upi? Nilijibu kwa hasira kidogo, "Ngiri, kulia," na nikaona kalamu ilikuwa imekwisha kuweka alama kwenye paja la kulia. Baadaye nilijua chanzo cha usumbufu ule. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla, wakati na baada ya upasuaji, na orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya kwetu, Ifakara. Zilipojumlishwa zote 8, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ni kusema kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika kitu ambacho kila mmoja alidhani mwenzake anakijua. Mimi niliyekuwa nimenyamaza miaka 3 nilitamka ugonjwa wangu mara tatu ndani ya saa moja, na sikufa kwa aibu.

Nyumbani, wiki ya kwanza ni shule. Suruali iweke kando. Vaa kikoi au msuli, kwa sababu mkanda unakaa juu ya mshono. Nilitembea siku ile ile jioni, kutoka kitandani hadi mlangoni, kwa kuwa damu ikituama miguuni inaweza kuganda, na donge la damu likipanda mapafuni linaua. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto uubane juu ya kidonda. Chafya ya kwanza bila mto itakufundisha. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua ukiwa na mshono wa tumbo ni mateso, hivyo maji, mapapai na mboga za majani vinapewa heshima kubwa kuliko supu ya kuku inayoletwa na majirani, ingawa supu nayo sikuikataa. Choo cha kuchuchumaa kilinishinda siku 5. Fundi wa mtaani alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu. Kuhusu kubeba, niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa wiki 6, na uzito huo tuupime kwa vyombo vyetu: ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na hata nusu yake ilikuwa haramu kwangu.

Usiku wa tatu niliamka kwenda haja ndogo, nikatazama chini kwa mwanga wa simu, nikaona sehemu za siri zimevimba na kuwa nyeusi kama bilingani. Mke wangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka nilipo. Namba ya wodi ilikuwa imeandikwa kwenye kadi juu ya kabati. Mimi nikashusha mwanga wa kioo, nikafungua dirisha la faragha, nikatafuta. Hadi adhuhuri ya siku iliyofuata nilikuwa nimekwisha kujizika, kwa kuwa kila ukurasa niliofungua ulikuwa na neno kuoza au neno kukata. Muuguzi alipopita kuniona alitazama mara moja akasema kwamba damu iliyovuja wakati wa upasuaji huteremka chini kwa uzito wake, huonekana hivyo kwa wengi waliofanyiwa ngiri, na itafifia baada ya wiki mbili hivi. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya nane ilikuwa kinyume chake. Upande mmoja wa mshono ulikuwa umepata joto na wekundu, ukawa unatoa majimaji mazito ya njano. Nikarudi kwenye dirisha langu, na safari hii, labda kwa sababu nilitaka kutulizwa, nikapata ukurasa ulioandika kwamba majimaji kidogo ni ya kawaida, na mwingine ulioshauri kufungua kapsuli ya dawa na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Nikanyunyiza. Unga ule uligandamana na usaha ukawa gamba, na chini ya gamba mambo yakaendelea. Mambo ya kawaida yalikuwa yamenitisha, na ya hatari yakanituliza. Mke wangu ndiye aliyeliona doa kwenye kikoi wakati wa kufua, akalinusa, akaja nalo mkononi hadi kitandani bila kusema neno.

Hospitali walifungua nyuzi mbili, wakasafisha, wakanipa dawa ya kumeza kwa kipimo kinachostahili, na kwa bahati maambukizi yalikuwa hayajafika kwenye wavu. Muuguzi mtu mzima, wa makamo yangu, alikuwa akikwangua ule unga kwa upole huku akiniuliza, "Mwalimu, hiki umekiweka wewe?" Nikajibu kwamba nilisoma mahali. Akasema, "Kidonda kinatakiwa kuangaliwa. Huko ulikosoma hawakukiona." Basi nalirudia kwenu kama alivyonifundisha: wekundu unaoenea, joto, uvimbe unaoongezeka, usaha, harufu, homa, au maumivu ambayo badala ya kupungua yanazidi, vyote hivyo ni vya kumwonyesha mtu mwenye mafunzo siku ile ile. Maambukizi mengi ya kidonda cha upasuaji hujitokeza ndani ya siku 30 za mwanzo, kwa hiyo mwezi mzima mtu asijione amekwisha kupona kwa kuwa nyuzi zimetolewa.

Nikiwa nauguza kidonda kwa mara ya pili ndipo nilipoanza kuuliza karatasi zangu ziko wapi, maana mwalimu mzee hakai kitandani bila kutafuta kazi. Barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali, yenye jina langu, umri, aina ya ugonjwa na dawa, mke wangu alikuwa ameipiga picha na kuituma kwa WhatsApp kwenye namba ya steshenari iliyo karibu nasi ili ichapishwe. Sote tunafanya hivyo. Nilipoweza kutembea nilikwenda pale, nikamwomba kijana anionyeshe kompyuta yake. Barua yangu ilikuwa katikati ya kioo, na pembeni yake vitambulisho vya taifa, vyeti vya ndoa, majibu ya vipimo vya maabara na picha za watoto wachanga za watu wa mtaa mzima, vikikaa hapo kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema vifutwe. Kijana si mwovu. Nilipomweleza alicheka, akafuta yangu, kisha akaanza kufuta na za wengine mbele yangu. Tangu siku hiyo ninakwenda na faili kwenye flashi, nasimama pale hadi karatasi itoke, na sikubali faili inakiliwe kwenye mashine.

Kaka yangu naye, kwa mapenzi, aliweka picha yangu nikiwa kitandani na mpira wa dripu mkononi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu zaidi ya mia moja, akaandika na jina la upasuaji chini yake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo anayeudaka njiani hawezi kuusoma. Kufungwa huko kunalinda njia, hakulindi midomo iliyo mwisho wa njia. Nilimpigia simu nikamwambia, "Kaka, nashukuru kwa dua, ila ungeniuliza kwanza," naye akaiondoa, ingawa kufikia wakati huo shangazi aliyeko Muscat alikuwa amekwisha kunitumia salamu za pole kwa ngiri.

Sheria ziko, na mwalimu asiyezijua sheria zake hana cha kudai. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko. Majirani zetu Wakenya walitangulia kwa sheria yao ya mwaka 2019. Ila mimi sitarajii Tume ije kukaa steshenari ya mtaani kwetu. Pale nitasimama mwenyewe.

Mtaniuliza basi nifanyeje na simu yangu. Hali Fiche bado naitumia, kwa kazi yake halisi, yaani kutowaonyesha watu wa nyumbani nilichosoma, na ninayafunga madirisha yote ninapomaliza. Ninapotafuta habari za afya sijaingia kwenye akaunti yoyote. Niliingia kwenye mipangilio ya akaunti yangu ya Google, sehemu inayohifadhi shughuli za wavuti, nikakuta utafutaji wangu wa miaka mingi umepangwa kwa tarehe na saa, hata ule wa usiku wa manane. Nikaufuta, nikaweka ujifute wenyewe kila baada ya miezi 3. Kwa vijana wanaonishauri kutumia VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwanza kwenye mitambo ya kampuni nyingine, nawajibu kwamba VPN inamziba macho anayekuuzia bando na kuyafungua ya mwenye VPN, hivyo umebadilisha tu mtu wa kumwamini, na ile ya bure mara nyingi ndiyo ya kuaminiwa kidogo zaidi. Tena Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN kujitambulisha, na mtu aitumie akilijua hilo. Tovuti inayonitaka namba ya simu kabla ya kunieleza ugonjwa naiacha. Na sitampiga tena picha mgonjwa yeyote, nikiwemo mimi, kwa ajili ya mtu ambaye siwezi kwenda kumgongea mlango.

Wiki mbili zilizopita mmoja wenu, simtaji, alinivuta pembeni msikitini akaniuliza kuhusu rafiki yake mwenye uvimbe unaotoka akikohoa. Nilimwuliza huyo rafiki ameuona muda gani. Akasema, "Mwaka wa pili sasa," akajishika kinenani bila kujua. Nikamwambia rafiki yake aje leo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tumepanga hivi. Kwenye meza ile ya nyuma wapo vijana wawili waliokuwa wanafunzi wangu. Mwenye simu anayetaka kuonyeshwa namna ya kufuta kumbukumbu zake akae nao, ila aishike simu yake mwenyewe na kubonyeza mwenyewe, wao wanaelekeza tu kwa mdomo. Na katika chumba cha pembeni, kile kilichokuwa stoo ya vitabu, yupo yule muuguzi aliyenisafisha kidonda, ambaye nilimwomba na akakubali kuja. Anaona mtu mmoja mmoja. Haandiki majina, mlango una komeo kwa ndani, na simu yake ameiacha hapa kwangu, hii, mfukoni.